Mgao Unapopangwa na Wanaoula

(Muziki wa kufungua kipindi. Unapungua taratibu.)

MTANGAZAJI: Mama uliye jikoni, kijana uliyepanga foleni bombani na redio yako mkononi, karibuni wote.

Leo tunazungumza habari ya mgao. Najua, umeshachoka kusikia neno hilo. Lakini leo si mgao wetu. Ni mgao wa watu wa mbali sana, ambao mababu zao walianza kupewa chakula cha kupangiwa baada ya kupoteza ardhi, na ambao siku hizi baadhi yao wamepata nafasi ya kukipanga wenyewe. Tuwasikie, kwa sababu njia waliyopita ina mambo ya kutufaa, na mengine ambayo kwetu hayapo. Nitayataja yote mawili.

Watu hao ni Waojibwe. Vitabu vya zamani vya Kiswahili viliwachanganya na wenzao wote vikawaita Wahindi Wekundu. Wao wenyewe hujiita Anishinaabe. Wanaishi kuzunguka maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini, upande wa Kanada na upande wa Marekani, katika majimbo kama Michigan, Wisconsin na Minnesota. Hilo jina la mwisho si geni kambini: Wasomali wengi waliopita Dadaab wako huko leo. Ziwa lao kubwa linaitwa Superior, na eneo lake linazidi hata la Victoria. Kwa hiyo ni watu wa ziwa, kama wengi wetu tuliotoka Uvira, Baraka, Rumonge au Nyanza.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Walifikaje kwenye mgao?

Mwaka 1837, kisha 1842, kisha 1854, wakuu wa Waojibwe walitia sahihi mikataba na serikali ya Marekani. Walitoa ardhi kubwa sana, yenye misitu na madini. Lakini ndani ya mikataba hiyo walidai jambo moja liandikwe: kwamba wataendelea kuwinda, kuvua na kuvuna katika ardhi waliyoitoa. Shika hilo, tutalirudia.

Baada ya hapo walibanwa katika maeneo madogo yaliyotengwa, na hata hayo hayakubaki salama. White Earth, kule Minnesota, ilitengwa mwaka 1867. Haikupita miaka mingi, sehemu kubwa ya ardhi yake ikawa mikononi mwa makampuni ya mbao na wakulima wa nje. Mtu asiyekuwa na msitu hawindi. Basi serikali ikawa inaleta unga wa ngano, mafuta ya nguruwe, sukari na nyama ya chumvi. Akina mama wa makabila mengi ya huko wakachukua unga na mafuta hayo wakapika mkate wa kukaanga, mkubwa kama chapati na umevimba kama andazi. Leo mkate huo unapikwa kwenye sherehe zao, na bado wanabishana: huu ni utamaduni wetu au ni alama ya njaa yetu? Kisukari kimewashika watu wa asili wa Marekani kuliko watu wengine wa nchi ile, na chakula hicho ni sehemu ya sababu.

Sasa tuje kwenye mabadiliko. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya kujiamulia kwa makabila. Zamani, serikali ndiyo iliyoajiri daktari wa zahanati yao, mwalimu wa shule yao na karani wa ofisi yao. Sheria hii iliruhusu baraza la kabila kusema: kazi hii tutaifanya sisi, tupeni fedha ambazo mngezitumia ninyi. Fedha ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anayeajiri, nani anayepanga, na nani anayeulizwa mambo yakiharibika. Naona hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Nesi akiajiriwa na baraza la kijiji chako, mama yako anajua nyumba ya kwenda kulalamika.

Chakula kilichelewa. Serikali iliendelea kununua na kufungasha mgao wa maeneo yale, makopo na maboksi, hata kama kando ya ghala kuna ziwa lenye samaki. Ndipo sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ikaruhusu, kwa majaribio, makabila kadhaa yachague na kununua yenyewe baadhi ya vyakula vya mgao. Waojibwe wa Red Cliff, Wisconsin, walikuwa kati ya waliochaguliwa mwanzoni. Kijiji chao kiko ufukweni mwa Ziwa Superior, na wana kampuni yao ya samaki. Fikiri maana yake: mvuvi wa kijijini anauza samaki, samaki anaingia kwenye mgao, bibi anayepokea mgao anapata chakula anachokijua, na fedha inabaki pale pale. Wasikilizaji wa Kakuma mtakumbuka Bamba Chakula, ule utaratibu wa kununua chakula kwa simu dukani. Ni ndugu wa karibu wa jambo hili, ingawa pale tulichagua dukani, hatukuchagua nani alime.

(Sauti ya maji na kasia. Sekunde tano.)

MTANGAZAJI: Hapo mwanzo nilitaja kuvuna. Kuvuna nini?

Kuna mmea unaoota majini, kwenye maziwa ya kina kifupi. Wao wanauita manoomin. Nje unaitwa mpunga wa mwitu, ingawa si mpunga kama huu wetu. Masimulizi yao yanasema mababu walitoka mashariki, wakaambiwa watembee mpaka wafike mahali ambapo chakula kinaota juu ya maji. Walipouona manoomin, wakajua wamefika.

Kila mwisho wa Agosti na Septemba, watu wawili wanaingia katika mtumbwi. Mmoja anausukuma kwa upondo. Mwingine ana fimbo mbili nyepesi: kwa moja anainamisha mabua juu ya mtumbwi, kwa nyingine anayagonga kidogo, na punje zilizoiva zinaanguka ndani. Nyingine zinaanguka majini, nazo ndizo mbegu za baadaye. Nyumbani punje hukaushwa, hukaangwa katika sufuria kubwa huku zikigeuzwa, kisha mtu huvaa viatu laini vya ngozi akazikanyaga kwa kucheza ili maganda yatoke. Mwisho zinapepetwa. Mama zetu wangeishika ile kazi ya mwisho bila kufundishwa, ila ungo wao ni wa magome ya mti.

Hapa ndipo riziki na mila vinapokutana. Mpunga mwingi wa aina hii unaouzwa madukani leo unalimwa mashambani na kuvunwa kwa mashine, mwingine mbali kabisa, California. Bei yake iko chini, na mvunaji wa mtumbwi hawezi kushindana nayo. Mwaka 1989 mama mmoja Mwojibwe, Winona LaDuke, alianzisha White Earth mradi wa kurudisha ardhi, na mradi huo ukawa pia unauza manoomin ya ziwani kwa jina lake halisi. Mnunuzi anaambiwa imevunwa vipi, naye analipa kwa kujua.

Na ile haki ya mwaka 1837? Kwa miaka mingi polisi wa majimbo waliwakamata Waojibwe waliovua nje ya maeneo yao. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1983 mahakama ya rufaa ikasema haki ile haijafa. Mwaka uliofuata waliunda tume yao ya samaki na wanyamapori, ambayo leo ina makundi 11, yenye wataalamu na askari wake. Karatasi ilikaa miaka karibu 150 na bado ikazungumza. Wewe uliyeficha hati ya shamba lako chini ya godoro, usiitupe.

Neno moja juu ya watoto. Huko nyuma walipelekwa shule za bweni ambako kusema lugha ya mama kulileta adhabu. Wengine walichukuliwa na kupewa familia za kigeni: Bunge la Marekani lilielezwa kwamba kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wa watu wa asili walikuwa wametolewa nyumbani. Sheria ya 1978 ikaweka utaratibu kwamba mtoto akikosa mlezi, aitwe kwanza shangazi, babu, jamaa, halafu watu wa kabila lake. Mwaka 2023 sheria hiyo ilipingwa hadi mahakama kuu ya nchi, ikabaki. Na huko Lac Courte Oreilles, Wisconsin, tangu mwaka 2000 kuna shule inayofundisha kwa Kiojibwe. Inaitwa Waadookodaading, maana yake mahali pa kusaidiana. Majira ya baridi yakiisha, watoto wa huko hujifunza kuchemsha utomvu mtamu wa miti, na hesabu wanaipata humo: lita 40 za utomvu kwa lita moja ya asali yake.

Sasa tusidanganyane. Umaskini na dawa za kulevya bado viko kwao. Na wao wana vitu ambavyo sisi hatuna: uraia tangu 1924, mikataba, ardhi japo ndogo, baraza linalotambuliwa. Sisi kutoka nje ya kambi ni kwa kibali. Kwa hiyo mgao unapopunguzwa na tukaambiwa tujitegemee, tuna haki ya kuuliza kwa adabu: kwa shamba lipi, kwa kibali kipi, na nani anaamua?

Vikundi vya wasikilizaji, kazi yenu ni hii. Andikeni vyakula vitano ambavyo mngeviweka kwenye mgao kama uamuzi ungekuwa wenu, bei yake sokoni kwenu, na nani hapo jirani angeweza kuvilima au kuvivua. Karatasi ziletwe studio kabla ya Alhamisi. Tutazisoma hewani.

(Muziki wa kufunga kipindi)