Sifa za Jumapili na Insafu ya Jumatatu

Katika nchi ya Wabondei, iliyolala baina ya mji wa Tanga na milima ya Usambara, sala na zaburi za Kikristo zilianza kusikiwa kabla ya reli, kabla ya mkonge, na kabla ya bendera ya Wadachi kutwekwa pwani. Mwaka 1868 padri C. A. Alington wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi huiita UMCA, alifika Magila karibu na Muheza baada ya kutaka ruhusa kwa watawala wa Usambara; kazi yake ilikatika kwa muda, lakini mwaka 1875, katika zama za Askofu Edward Steere, ikashikwa upya. Steere huyo ndiye aliyezitia Zaburi katika Kiswahili, hata mtu wa Magila, asiyepata kuiona Yerusalemu ijapokuwa kwa picha, akaweza kumhimidi Mola wake kwa maneno ya Daudi kama kwamba Daudi alizaliwa Pangani.

Mkristo aulizwapo amtukuzeje Mungu, aghalabu hutaja kwaya, ngoma, vigelegele na maombi ya usiku kucha, na hakika hayo yote ni mema, kwa maana moyo uliojaa shukrani haukai kimya. Lakini Maandiko yana neno kali juu ya wimbo usiofuatwa na haki. Nabii Amosi aliwaambia Waisraeli kwamba Mungu amezichoka nyimbo zao maadamu maskini wanaonewa, na Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, aliwataka waumini wautoe mwili wao wenyewe uwe ndiyo dhabihu: mikono, miguu, ulimi na jasho.

Katika pwani yetu simjui aliyeyashika mafundisho hayo kwa dhati kumshinda Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908, ambaye usimamizi wake ulifika mpaka Tanga na Bonde. Alikuwa mpenzi mkubwa wa taadhima ya ibada, uvumba, mishumaa, mavazi ya altare na magoti yaliyopigwa mbele ya Sakramenti, na asiyemjua angedhani kwamba mtu wa namna hiyo ataridhika na uzuri wa kanisa lake. Lakini kanisa lake kuu, lililoko Mkunazini, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na mtu asaliye kila siku juu ya ardhi ile hawezi kusahau kwa wepesi thamani ya mwanadamu. Wakati wa vita vya 1914 aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja, akaziona taabu zao kwa macho yake. Mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwashurutisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, jambo alilolihesabu kuwa ni namna ya utumwa. Na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana mjini London, watu waliokuwa wakishindania haki ya kuiabudu Sakramenti kwa heshima kamili, aliwaambia waziwazi kwamba hawana haki ya kumsujudia Yesu altareni ikiwa hawamhurumii katika vibanda vya mafukara, na kwamba wakisha kusali hawana budi watoke wakamtafute kwa walio uchi na waliodhulumiwa. Tarehe 2 Novemba 1924 alifariki Hegongo, hapo hapo Magila.

Mwaka 1911 Weston alikuwa ameasisi utawa wa wanawake, Jumuiya ya Mateso Matakatifu, ambao masista wake walifanya kazi Magila na kwingineko katika dayosisi miaka mingi. Siku yao iligawanywa kwa saa za sala, na baina ya sala na sala kulikuwa na wagonjwa, yatima na watoto wa shule. Hospitali Teule ya Muheza ina mizizi yake katika utabibu wa misheni hiyo. Mwenye kuitazama kazi ya uuguzi kwa karibu ataelewa ni kwa nini naiita ibada: kulisafisha donda ndugu hakuna fahari, ni maji ya vuguvugu, pamba, usaha, harufu inayoganda nguoni, na mgonjwa anayeng'ata upindo wa kanga ili asipige kelele, na kesho yake bendeji hufunguliwa, kazi ikaanza tena.

Si lazima mtu avae mavazi ya utawa. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891 na kusoma katika shule ya misheni ya Kiungani, alikuwa karani wa serikali mjini Tanga, mji wa misikiti na maulidi, ambamo Mkristo aliyeelimika angaliweza kujitenga na wenziwe akaona fakhari. Mwaka 1922 yeye akaasisi huko chama cha Waafrika watumishi wa serikali, kilichowakusanya Wakristo na Waislamu pamoja bila ya kubagua dini wala kabila. Naliona jambo hilo kuwa tunda la sala zake.

Hata leo, katika Bonde, ndugu wa ukoo mmoja huwa hawa ni Wakristo na hawa ni Waislamu, na Mkristo afanyapo karamu ya kipaimara cha mwanawe humwita jirani Mwislamu amchinjie mbuzi, ili wote walioalikwa wale bila ya shaka moyoni. Msiba ukitokea, majirani wa dini zote mbili huchimba kaburi, hubeba jeneza na huketi matanga. Ukarimu wa namna hii namhesabia mwenye kuutenda kuwa ni sifa kwa Mungu, sawa na wimbo wowote wa kwaya. Na mama auzaye machungwa Muheza, akiyapanga mazuri juu ya tenga na mabovu chini, kisha Jumapili akaenda kuimba sauti ya pili, yampasa ajue kwamba wimbo wake una upungufu ambao mwalimu wa kwaya hawezi kuurekebisha.

Kuna jambo moja ambalo ningependa makanisa yetu yalitazame mapema, hasa msimu wa Kwaresima. Baada ya ibada wazee wa kanisa hukaa wakahesabu sadaka, na jumla yake husomwa mbele ya watu wote. Ingefaa wazee hao hao wawaulize kwa faragha washarika wenye mashamba, maduka na watumishi wa nyumbani kama vibarua wao wamekwisha kulipwa ujira wa mwezi, na yule ambaye hajalipa arudishiwe bahasha yake, akamlipe kwanza mwenye haki.