Kosa Halikuwa Kwenye Taya

Pakiti ya kwanza niliyoishika ilifumuka kwa kidole gumba. Niliibonyeza tu, na unga wa lishe ukanirukia hadi kwenye miwani. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu iligoma. Ya nne ikatoa pumzi taratibu kupitia tundu dogo kwenye mshono wa chini. Ilikuwa mwezi wa nane, Dodoma, upepo mkavu unapiga mabati, na pembeni ya mlango kulikuwa na lundo la pakiti zilizorudishwa na wenye maduka.

Mashine yenyewe ni ya zamani, mtumba kutoka Dar es Salaam. Nyuma kuna roli la nailoni, kisha rola nne za chuma, kisha kola inayoikunja nailoni iwe kama mkono wa shati. Parafujo humwaga unga kutoka juu, na chini kabisa taya mbili za moto huziba na kukata.

"Dar ilipiga kazi miaka mitatu bila tatizo," aliniambia fundi wake, mzee mpole mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Alikuwa ameshapandisha joto la taya mara mbili. Nailoni ilianza kusinyaa na kunuka, na mshono ukaendelea kuvuja.

"Mzee, naomba upitishe mkono hapo nyuma, usiguse kitu," nikamwambia.

Akaupitisha karibu na nailoni inayoshuka kutoka rola ya mwisho. Vinyweleo vyote vya mkono vikasimama.

Huo ndio umemetuli. Nailoni inapokumbatia chuma kisha ikabanduka, elektroni kadhaa huhama upande, na kwa kawaida plastiki ndiyo inayoondoka nazo, ikabaki na chaji hasi. Chuma kilichofungwa waya wa ethi hujisawazisha papo hapo. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo chaji hubaki palepale ilipowekwa na kusafiri na nailoni, ikiongezewa nyingine kila rola inapopitwa. Wagiriki wa kale waliona kaharabu iliyosuguliwa ikivuta vitu vyepesi, na jina lao la kaharabu, elektron, ndilo lililozaa neno elektroni.

Kwa nini basi Dar hapakuwa na shida? Kwa sababu ya jasho la pwani. Hewa yenye unyevu mwingi hutandaza juu ya plastiki utando wa maji usioonekana, na chaji huvujia humo polepole. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 40 hivi utando huo haupo tena, na Dodoma ya kiangazi hushuka huko mchana bila taabu. Mashine ni ileile, nailoni ileile, hewa ndiyo iliyobadilika.

Yanayofuata ni madogo mno kuonekana kwa macho. Unga unapodondoka, vumbi lake laini huvutwa kwenye nailoni yenye chaji, kama vipande vya karatasi vinavyorukia kitana ulichochania nywele kavu. Vumbi hilo hukaa hata pale taya zitakapobana. Nailoni huyeyuka na kushikana. Punje ya unga haiyeyuki. Inabaki katikati ya tabaka mbili kama mtoto aliyelala kati ya wazazi, na pembeni yake kunabaki njia ya hewa. Ukipandisha joto, unachofanya ni kuukaanga huo unga.

Kilichonishangaza ni kwamba dawa ilikuwa imeshanunuliwa. Juu ya rola ya tatu ilifungwa fimbo ya ioni, urefu wa kama nusu mita, yenye safu ya sindano ncha chini. Kisanduku chake hupokea umeme wa kawaida wa volti 230 na kuupandisha hadi maelfu kadhaa ya volti. Kwenye ncha kali ya sindano nguvu hiyo hujikusanya mahali padogo mno, ikazichanachana molekuli za hewa kuwa ioni chanya na ioni hasi, kwa zamu, mara 50 kwa sekunde. Nailoni yenye chaji hasi hujivutia ioni chanya. Ikishapata za kutosha haivuti tena, kama mtu aliyeshiba anavyosogea kando ya sinia. Hakuna haja ya kuipimia.

Fimbo ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, na haikusaidia chochote. Aliyeifunga alitafuta mahali penye bolti, na bolti zilikuwepo juu ya rola.

Nailoni ikilalia chuma, chaji yake hasi huita chaji chanya kwenye uso wa chuma hicho, na mvutano wote hufungiwa baina yao wawili. Ioni zinazoelea juu hazisikii mwito wowote. Kipimo cha chaji nilichokuja nacho kilisoma karibu sifuri pale, na ukikiamini utasema kazi imekwisha. Nikakisogeza sentimita 15 mbele, nailoni inapopita hewani bila kuegemea kitu, kikaruka kupita kilovolti 10. Basi tukaing'oa fimbo. Fundi akakata vipande viwili vya bamba, akatoboa, na kuisimika baada ya rola ya mwisho, kabla tu ya kola, sentimita tatu kutoka kwenye nailoni, bila chuma nyuma yake. Kuitangulia rola ya mwisho kungekuwa kuosha vyombo kisha kuvirudisha jikoni vikatumike tena.

Saa moja nyingine ilituishia kwenye ethi. Mashine nzee hupakwa rangi juu ya rangi, na bolti iliyokazwa juu ya rangi inashika chuma bila kushika umeme. Ilibidi kukwangua hadi chuma king'ae, ndipo waya ukafungwa. Umeme wa fimbo nao tuliuchukua baada ya swichi ya mota, ili mashine ikilala, fimbo nayo ilale.

Kwa uzee wake mashine hii ina bahati moja. Inatoa pakiti 40 kwa dakika, kila moja kama sentimita 20, yaani nailoni hupita mita 8 tu kwa dakika. Katika zamu moja kamili ya chanya na hasi husogea chini ya milimita tatu, kwa hiyo kila sehemu hupata ioni za aina zote mbili. Kwenye mitambo ya mita 300 kwa dakika husogea sentimita 10, na hapo fimbo ya namna hii huweza kuacha mistari ya chaji.

Asiye na fedha ya fimbo anaweza kuanza na nyuzi laini za shaba za waya wa kawaida, azitandaze karibu na nailoni na kuzifunga ethi. Zitapunguza chaji kubwa, ila zitaacha kilovolti chache, kwa kuwa chini ya hapo hewa haipasuki yenyewe. Zipo pia fimbo za poloniamu, elementi waliyoigundua Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Hazihitaji umeme, lakini nguvu yake hupungua nusu kila siku 138, na mimi nisingeileta mionzi karibu na uji wa watoto. Onyo jingine: wanaofuta wino kwa thina wafanye hivyo mbali na fimbo. Mvuke wake huweza kuwashwa na cheche ya sehemu ndogo ya milijuli, na fimbo ya kawaida haikutengenezwa kwa mahali penye mvuke huo.

Fundi alishusha joto la taya pale lilipokuwa Dar. Pakiti zikaanza kutoka. Akaitandika moja sakafuni, akaikalia. Ikavumilia. Akazikalia nne nyingine, moja moja, vijana wakihesabu kwa sauti na kucheka.

Niliporudi baada ya wiki mbili nilimkuta ameikalia nyingine, na safari hii ilipiga pufu. Hakugusa joto. Alizima swichi, akainama kwenye fimbo, akaniita nitazame: sindano tatu za mwisho zilikuwa zimejifunga vilemba vyeupe vya unga. Akachomoa mswaki kutoka mfuko wa ovaroli.