Betri ya simu ikivimba, usiitoboe

Mushaki, kwenye barabara ya Sake kwenda Masisi, iko katika eneo ambalo wengi huchaji simu kwa umeme wa jua. Simu ndogo ya vitufe ina kazi kubwa huko: kupata habari za usalama, kutuma pesa, kutafuta ndugu waliokimbia vita. Betri yake ikivimba, wapo wanaoshawishika kuibana au kuitoboa ili itumike tena. Hapo ndipo hatari ilipo.

Uvimbe ni gesi inayojikusanya betri inapoharibika. Kemikali za ndani huwaka, na tundu moja linaweza kuteketeza nyumba ya mbao au hema la turubai. Hata betri isiyovimba huweza kuwa na kasoro: Agosti 2007, Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za aina ya BL-5C zilizoweza kupata joto kali zikichajiwa.

Betri iliyovimba isichajiwe tena wala kutupwa motoni. Iwekwe nje, kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na watoto. Betri ya akiba ikae mahali pakavu pasipo joto, ikiwa na chaji nusu, bila kugusana na funguo wala misumari. Na usiku, simu inayochajiwa isiwekwe chini ya mto.