Saikolojia ya Msiba (3): Asubuhi kulia, mchana kufuatilia mirathi

Juma lililopita tulimwacha Sigmund Freud na hoja yake ya mwaka 1917: mfiwa hana budi kuupitia kila ukumbusho wa marehemu na kuubandua moyo wake hapo, kidogo kidogo, mpaka awe huru kupenda tena. Hoja hiyo ilitawala kwa miongo mingi, lakini mwenye hoja hakuiweza. Binti yake Sophie alifariki mwaka 1920 kwa homa ya mafua. Mwaka 1929, akimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger aliyekuwa amefiwa na mwanawe, Freud alikiri kuwa pengo la namna hiyo halizibiki, na kwamba ni afadhali lisizibike, maana ndivyo tunavyoendelea kumpenda aliyekwenda.

Baadaye zikaja hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Chicago: kukana, hasira, kubembeleza, sonona na kukubali. Kinachosahaulika ni kwamba kitabu chake cha 1969 kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe, si na wafiwa. Hata hivyo orodha ilienea, na leo wapo wafiwa wanaojilaumu kwa kuwa hawajakasirika bado, au kwa kuwa walikwisha kukubali na sasa wanalia upya.

Mimi naona walioikaribia kweli zaidi ni Margaret Stroebe na Henk Schut wa Utrecht, Uholanzi. Mwaka 1999 walieleza kuwa mfiwa ana kazi mbili, na hazifanyiki kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni msiba wenyewe: kulia, kukumbuka, kushika nguo za marehemu. Ya pili ni maisha yaliyobaki. Mjane aliyezoea kuachiwa pesa ya matumizi sasa anafuatilia mirathi mahakamani, anatafuta ada ya shule, anajifunza kujibu anapoulizwa mkuu wa kaya ni nani. Afya, kwa maelezo yao, iko katika kwenda na kurudi baina ya kazi hizo. Anayesahau msiba wake saa nzima sokoni hajamsaliti mtu; amepumzika. Balaa ni kukwama upande mmoja: kuutafuna uchungu usiku na mchana, au kujitwisha shughuli ili usipate nafasi ya kulia.

Schut na wenzake walikuwa wameshaonyesha jambo la ajabu mwaka 1997. Waliwapa wajane na wagane ushauri wa aina mbili, mmoja wa kuzikabili hisia, mwingine wa kutatua matatizo ya maisha. Wagane walinufaika zaidi na ule wa hisia, wajane na ule wa matatizo. Kila upande ulisaidiwa na kile usichokizoea. Wanaoamrisha wanaume wajikaze wangefanya vema kulitafakari hili.

Matanga yetu yana mwendo huohuo, ingawa hakuna aliyeyapanga kwa nadharia. Ndani kunaliliwa, uani kunapikwa, nje wazee wanahesabu rambirambi. Na pale penye utani, kama baina ya Wapare na Wachaga, mtani huja akamwigiza marehemu anavyotembea, akadai deni lake, hata akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka. Wageni huona ni kukosa adabu. Lakini Dacher Keltner na George Bonanno, waliowahoji watu waliofiwa na wenzi wao huko Marekani, waliona mwaka 1997 kuwa wale waliocheka kicheko cha dhati walipomzungumzia marehemu ndio waliokuwa na dhiki ndogo.

Tatizo ni baada ya kuanua matanga. Watu wametawanyika, simu zimepungua, na kazi ile ya pili ndiyo kwanza inaanza. Ukitaka kumsaidia mfiwa, nenda mwezi wa tatu, ukae naye, umsindikize ofisini, umtaje marehemu kwa jina.

Wapo wachache ambao uchungu haulegei. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linaitambua huzuni kali inayovuka miezi sita, inayopita desturi ya jamii na dini ya mfiwa, na inayomzuia kuendesha maisha yake. Huyo apelekwe kwa mtaalamu, na anayesema anataka kumfuata marehemu apelekwe leo.

Juma lijalo: watoto waliofiwa, na madhara ya kuwaambia kuwa baba amesafiri.