Kikombe Hakina Kosa, Fungueni Dirisha

Kila wiki ndugu wa mgonjwa mpya wa kifua kikuu huniuliza: "Daktari, vyombo vyake tuvitenge?" Jibu ni hapana, na naomba safari hii lisikike.

TB haikai kwenye sahani. Mwenye TB ya mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuongea, hutoa vitone vidogo mno vyenye vimelea. Chumba kikiwa hakipitishi hewa, vitone hivyo huelea humo kwa saa kadhaa, na anayevivuta ndiye anayeambukizwa. Kijiko, taulo, shuka, kushikana mikono: hakuna hata kimoja kinacholeta TB. Vyombo vioshwe kwa sabuni kama siku zote, basi.

Kinachonikera ni kwamba nyumba ileile iliyomtengea baba kikombe, tena kikatiwa alama ya rangi ya kucha kitakoni, imemfungia madirisha "asipigwe na upepo", na wajukuu wanalala naye humo humo. Wamelinda kikombe, hewa wakaiacha. Tena mgonjwa akishatengwa mezani hujifunza kuficha: anakwepa kituo cha jirani asionekane akichukua dawa, na akiulizwa anaishi na nani, anajibu yuko peke yake. Hao aliowaficha hawapimwi. Kikombe kile hakijamkinga mtu yeyote. Kimewanyima kinga waliokuwa wanaihitaji.

Ya kufanya ni haya. Madirisha yawe wazi. Wiki za mwanzo alale peke yake ikiwezekana, akikohoa afunike mdomo, avae barakoa akiwa na watu ndani. Dawa za TB ya kawaida ni miezi 6: aina nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, na katika vituo vya umma Tanzania hazilipiwi. Kikohozi kukoma si ruhusa ya kuziacha. Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, si damu. Macho yakiwa ya njano au kutapika kusipokoma, arudi siku hiyohiyo. Mwanamke mwenye kijiti au anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango aseme, maana rifampisini huvipunguza nguvu. Wote wanaoishi naye wachunguzwe. Watoto wa chini ya miaka 5 wasisubiriwe wakohoe: wapelekeni sasa, na wasiougua wapewe dawa ya kinga, kwa kuwa TB ya mtoto mdogo huweza kufika kwenye ubongo upesi.