Malindi ya Kale na Djibouti ya Leo

Kila itajwapo habari ya madola makubwa yanayoshindana katika Bahari ya Shamu na pwani zetu, wasemaji wengi hukimbilia mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wakatuambia kwamba Afrika yagawanywa tena. Uchungu wao naushiriki, lakini kwa rai yangu mfano huo watupoteza. Kwani Berlin hapakuwa na Mwafrika aliyeketi barazani, ilhali Djibouti, nchi ndogo iliyokaa mlangoni mwa Bab el-Mandeb, yenyewe huwapangisha ardhi Wamarekani, Wafaransa, Wajapani na, tangu 2017, Wachina.

Mfano ulio karibu zaidi uko Malindi. Vasco da Gama, nahodha Mreno, alipofika 1498, Mombasa ilimshuku, bali Malindi ikamlaki na kumpa rubani wa kumvusha hadi India, kwa kuwa ilikuwa na husuma ya siku nyingi na Mombasa na ilitamani mshirika mwenye mizinga. Mombasa ikachomwa moto na Wareno 1505, na tena 1528. Hata katika miaka ya 1580, alipotokea Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, ikampokea kama mwokozi. Merikebu za Wareno zikaja kutoka Goa 1589, nahodha huyo Mturuki akatekwa, na 1593 ukaanza ujenzi wa Ngome ya Yesu huko Mombasa. Mtawala wa Malindi akatunukiwa kiti cha Mombasa, na tunu hiyo ndiyo iliyouangamiza ukoo wake: Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa 1614, na mwanawe Yusuf, aliyelelewa Goa na kubatizwa, akaasi 1631 na kumuua kapteni wa zama zake.

Tofauti ni kwamba Malindi ilikuwa na rafiki mmoja tu, na Djibouti inao wengi wanaochungana. Mwaka 2018 Marekani ilidai kwamba marubani wake walimulikwa machoni kwa leza kutoka upande wa kambi ya Wachina; Wachina wakakana, na shauri likabaki kuwa la malalamiko. Lakini likija kuwa la mizinga, je, mikataba ya kodi yampa mwenye nchi haki ya kumzuia mpangaji asipigane kutoka ardhini mwake? Wakenya nao, ambao huko Manda karibu na Lamu wamewapa askari wa Marekani mahali, wanastahiki kujibiwa swali hilo kwa maandishi.