Mwenye hatifungani alipwa, mwalimu apunguzwa

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Machi 2020 wapiga kura wa jiji la San Francisco, Marekani, walikiruhusu chuo chao cha jamii kukopa dola milioni 845 kwa njia ya hatifungani. Mei 2022 chuo hicho hicho kiliwaachisha kazi walimu 38 wa kudumu, kwa maelezo kwamba bajeti haiwezi kubeba mishahara yao.

Mtu aliyezoea kusoma mizania ya kampuni atauliza inawezekanaje taasisi iliyoruhusiwa kukopa mamia ya mamilioni ishindwe kulipa walimu 38. Jibu lake linamhusu kila anayenunua hatifungani na kila anayeajiri watu, kwani linaonyesha jambo lisiloonekani kwenye mstari wa jumla: fedha zilizomo katika taasisi moja haziko zote katika mfuko mmoja.

Mifuko miwili

Chuo hicho, City College of San Francisco, kilianzishwa mwaka 1935 na ni kimoja kati ya vyuo vya jamii 116 vya jimbo la California. Vyuo hivi hupokea karibu kila mtu mzima anayetaka kusoma. Humpa cheti cha fani, kama vile uuguzi au ufundi wa magari, au humwandaa kwa miaka miwili kabla ya kuhamia chuo kikuu. Ada kwa mkazi wa jimbo imekuwa dola 46 kwa uniti moja ya somo tangu mwaka 2012. Ada hiyo haitoshi kuendesha chuo. Sehemu kubwa ya mapato hutokana na kodi, na chini ya kanuni iliyoanza mwaka 2018, takriban asilimia 70 ya mgawo wa jimbo hufuata idadi ya wanafunzi. Mfuko huu wa uendeshaji ndio unaolipa mishahara.

Mfuko wa pili ni wa majengo. Mwaka 2000 California ilibadili katiba yake ili hatifungani za shule na vyuo ziweze kupitishwa kwa kura asilimia 55 badala ya theluthi mbili. Sharti lake ni kwamba fedha hizo zitumike kwa majengo, vifaa na ardhi, wala zisiguse mishahara ya walimu au watawala. Mkopo hulipwa kwa kodi maalum inayotozwa wenye nyumba na viwanja, na kiwango cha kodi hupandishwa kadiri deni linavyohitaji.

Kwa hiyo mwenye hatifungani analipwa na thamani ya nyumba za San Francisco. Mwalimu analipwa na idadi ya wanafunzi darasani. Wanafunzi wakipungua, wa kwanza hatikisiki, wa pili anaandikiwa barua.

Wa kudumu na wa muda

Katika chuo cha aina hii mishahara na marupurupu ndiyo gharama yenyewe. Uongozi unaotaka kubana matumizi hauna mahali pengine pakubwa pa kukata, na sheria nazo zimeweka mipaka. Sheria ya mwaka 1961 inataka angalau nusu ya matumizi ya elimu iende kwenye mishahara na marupurupu ya walimu walioko darasani. Mwalimu wa kudumu hapunguzwi kwa siku moja: lazima apewe taarifa ifikapo Machi 15, na uamuzi wa mwisho utoke kabla ya Mei 15. Tangu mwaka 1988 jimbo lina lengo kwamba asilimia 75 ya mafunzo yatolewe na walimu wa kudumu.

Kwa mwalimu wa muda sheria ni nyingine. Haruhusiwi kufundisha zaidi ya asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu. Akizidisha kwa utaratibu wa kawaida, anaweza kudai nafasi ya kudumu. Kusudi lilikuwa kuzuia vyuo visiwageuze walimu kuwa vibarua wa milele. Vyuo vikafanya hesabu. Badala ya kumwajiri mmoja kwa mzigo kamili, ni rahisi kuajiri wawili, kila mmoja akabaki chini ya mpaka, na kuwaacha muhula ujao endapo madarasa hayakujaa. Hivyo katika vyuo vya California walio wengi leo ni walimu wa muda, na wengi wao huendesha gari kutoka chuo kimoja hadi kingine ili mapato yakamilike.

Kwa lugha ya biashara, mwalimu wa kudumu ni gharama isiyobadilika na mwalimu wa muda ni gharama inayopanda na kushuka na mauzo. Hatari ya soko, ambayo kwa kawaida hubebwa na mwenye mtaji, hapa imewekwa mabegani mwa mfanyakazi mwenye kipato kidogo zaidi. Serikali ya jimbo iliona tatizo hilo: bajeti ya mwaka 2022 ilitenga dola milioni 200 kwa mwaka kusaidia bima ya afya ya walimu wa muda. Mpaka wa asilimia 67, hata hivyo, ulibaki.

Pensheni nayo imepanda. Mchango wa mwajiri katika mfuko wa pensheni wa walimu wa California ulikuwa asilimia 8.25 ya mshahara mwaka 2013. Ilipofika mwaka 2022 ulikuwa asilimia 19.1. Hata kama hakuna mwalimu aliyeongezwa senti moja, gharama ya kumweka kazini ilikwisha kupanda.

Jinsi San Francisco ilivyoteleza

Matatizo ya City College yalianza kuonekana hadharani Julai 2012, bodi inayothibitisha ubora wa vyuo ilipokitaka chuo kieleze kwa nini kisifutiwe ithibati. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa usimamizi wa fedha. Mwaka 2013 bodi iliamua kufuta ithibati hiyo. Jiji likaenda mahakamani na utekelezaji ukazuiwa. Ithibati ilithibitishwa tena Januari 2017. Kwa miaka hiyo mitano wanafunzi walikihama chuo kwa maelfu, kwa kuhofia vyeti vyao visije vikakosa thamani.

Mwaka 2017 jiji lilianza kulipia ada za wakazi wake ili kuwarudisha. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Mei 2021 chama cha walimu kilikubali mishahara ikatwe kwa mwaka mmoja ili kuokoa ajira zaidi ya 160. Mwaka uliofuata makato hayo hayakutosha, na ndipo walimu 38 walipoondolewa, pamoja na walimu wa muda waliokosa vipindi.

Novemba 2022 wapiga kura waliombwa kodi mpya ya viwanja ambayo ingesaidia mfuko wa uendeshaji. Waliikataa. Watu wale wale waliokubali kulipia majengo walikataa kulipia wa kufundisha ndani yake.

Hapo pana hatari ya kibiashara. Bidhaa ya chuo ni madarasa. Mwalimu akiondoka, darasa linafutwa. Darasa likifutwa, mwanafunzi anakwenda kwingine. Mwanafunzi akienda, mgawo wa jimbo unapungua. Ni sawa na mwenye duka anayeshindwa kodi ya pango akauza bidhaa kwa hasara bila kununua nyingine. Mwezi huu atalipa, mwezi ujao wateja watakuta rafu tupu.

Maswali matatu ya mwekezaji

Kwanza, ni chanzo kipi hasa kinacholipa deni? Katika soko la Dar es Salaam, hatifungani ya Mamlaka ya Maji Tanga ya mwaka 2024, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, inategemea mapato ya maji. Hatifungani ya San Francisco inategemea kodi ya nyumba. Ukubwa wa taasisi pekee haujibu swali hili.

Pili, je, gharama za kila mwezi zinalipwa na mapato ya kila mwezi, au zinalipwa na akiba na misaada ya mara moja? Akiba hutumika mara moja tu, mshahara hurudi kila mwezi.

Tatu, biashara ikipungua, nani anabeba hasara ya kwanza? Kama ni wale wanaotengeneza bidhaa yenyewe, faida ya kubana matumizi itaonekana mwaka huu na gharama yake mwaka ujao. Aliyenunua hatifungani anaweza kustahimili hilo, kwani kodi ya nyumba itaendelea kukusanywa. Mwenye hisa katika kampuni ya kawaida hana kinga hiyo, na anapaswa kuisoma taarifa ya kupunguza wafanyakazi kwa makini kuliko anavyosoma ile ya gawio.